Kaftani ya Pande Mbili

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya ndoo mbili za rangi, baina ya chumba cha kunyolea cha Miloud na duka la kaftani la Lalla Ghita, mtaa wa Najma hapa Doha. Tunakutana Ijumaa baada ya alasiri, siku pekee ambayo miguu yetu ni yetu wenyewe. Miloud ni Mmoroko wa Khouribga, na kahawa ni yake. Huitia pilipili manga na mdalasini mpaka inakufika puani kabla haijafika mdomoni. Balozi ni Mkenya mwenzangu, mtu wa Siaya, karani wa hoteli, anavaa tai hata siku ya mapumziko, na jina hilo tulimpa kwa kuwa hakuna jambo duniani lisilomhusu. Mimi wananiita Dobi, maana naendesha gari la kufulia nguo, mwaka wa kumi na nne huu. Lakini Ijumaa ninayoisimulia tulikaa roho juu, kwa sababu ya Tsuma. Tsuma ni mtu wa Rabai, ana miaka thelathini na minne na binti mmoja kwao, na miaka saba amekuwa mlinzi wa lango. Mkataba wake ulikwisha, kampuni haikumwongezea, na karatasi zake zilikuwa zinakufa Jumapili asubuhi. Ama Lalla Ghita atie sahihi ya kumchukua dukani kwake kuwa mshonaji, ama Tsuma apande ndege. Na Lalla alikuwa amesema atakuja siku hiyo kutoa jibu.

— Atarudi kwao, akasema Miloud, akimimina. — Namwombea mema, wallahi, lakini atarudi. Hii si kazi ya kufundishwa mtu aliyekuja na sare.

— Sare imekukosea nini wewe? akauliza Balozi.

— Haijanikosea. Nasema mambo yalivyo. Mmoroko akija hapa analetwa na shangazi. Leo anashuka ndege, kesho yuko dukani kwa shangazi, keshokutwa anamsengenya shangazi. Mkenya analetwa na wakala. Anashuka ndege, anavishwa kofia, anaonyeshwa lango. Miaka kumi baadaye bado yuko pale pale, amelijua lango kuliko aliyelichomelea. Si kosa lake. Lakini nani atamfundisha kazi?

— Kwa hiyo tofauti yetu sisi na nyinyi ni shangazi.

— Shangazi ni uchumi, ndugu yangu.

— Mimi nina mashangazi sita, akasema Balozi. — Wote wako Siaya, na hakuna hata mmoja mwenye duka Doha. Umeniumiza, Miloud. Ongeza kahawa.

Nikamwambia Miloud asijifanye mkubwa, maana shangazi huyo huyo aliyemleta ndiye aliyemla mshahara miaka miwili, akimwambia anamwekea.

— Aliniwekea!

— Aliweka wapi?

— Hilo ndilo tunaloliulizia mpaka leo, akasema Miloud, tukacheka wote, naye akacheka kuliko sisi.

Mlango wa duka ulikuwa umeegeshwa. Ndani tuliisikia redio ya Maalem Bouazza, na sauti yake akihesabu kwa Kiarabu cha kwao: moja, mbili, vuta, moja, mbili, vuta. Maalem ndivyo Wamoroko wanavyomwita fundi aliyekomaa. Huyu ni mzee wa Salé, sitini na miwili, na nusu ya mabibi harusi wa Kimoroko walioolewa mji huu wameolewa ndani ya mishono yake.

Balozi akashusha kikombe.

— Mimi naona tofauti ni mpira. Kombe la Dunia lilipokuja hapa, nyinyi mlileta timu. Mkafika nusu fainali, dunia nzima ikajua kuna nchi inaitwa Moroko. Sisi tulileta nani?

— Tulileta watu wa langoni, nikasema. — Nani aliwakagua tikiti?

— Hivyo ndivyo! Siku mlipomfunga Mreno, Miloud alinyoa watu bure mpaka mashine ikaungua. Na Tsuma alikuwa wapi? Uwanjani! Lakini ameugeuzia uwanja mgongo, maana amri ni kutazama watu, usitazame mpira. Aliniambia bao lile alilisikia kwa mgongo. Shati lilitetemeka.

Miloud akatikisa kichwa.

— Kwa mgongo? Maskini.

— Hapa Mkenya akikimbia anapewa pasi ya kusafiria ya nchi hii. Akisimama anapewa sare, akasema Balozi. — Na sisi wengi wetu hatujui kukimbia, wanatusingizia tu. Mimi nikipanda ngazi za ghorofa ya pili natafuta pa kushika.

Hapo akainuka. Balozi akiinuka, ujue nadharia inakuja.

— Nimelifikiria sana jambo hili. Ni mifupa. Mkenya ameumbwa wima. Mwangalie alivyo, goti limejifunga, unaweza kumwegemeza ngazi. Mmoroko ameumbwa kwa kukaa. Anakaa dukani, anakaa mkahawani, anakaa hamamu.

— Hamamu tunalala, akasema Miloud.

— Vibaya zaidi! Sasa, pesa ya nchi hii iko wapi? Iko kwenye kiti. Hakuna tajiri anayesimama. Kwa hiyo shida yetu si wakala wala shangazi. Ni goti.

— Basi Tsuma ndiye mfalme wa magoti, nikasema.

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomwingiza kwenye duka lile. Nitalieleza, kwa sababu nililiona kwa macho yangu. Kaftani ya Kimoroko inapambwa ukingo wake kwa msuko wa hariri kutoka shingoni mpaka chini, na msuko ule mtu mmoja hauwezi. Fundi anakaa na nguo mapajani na sindano mkononi. Nyuzi zinatoka kwenye nguo, zinavutwa mpaka kwenye vidole vya msaidizi aliyesimama hatua tatu mbele yake. Kila fundi anapopiga sindano, msaidizi anazipisha nyuzi mkono wa kulia kwenda wa kushoto, kushoto kwenda kulia, bila kulegeza wala kukaza. Akikohoa, msuko unaruka. Akiwaza mambo ya kwao, msuko unaruka. Kwa muda wa saa nne, tano namna hiyo. Kwao Moroko kazi hii walifanya watoto wa mtaani kwa peremende, lakini hapa mtoto utamtoa wapi? Nikamkumbusha Miloud kwamba Maalem alimjaribu mpwa wake, akadumu siku tatu.

— Siku nne, akasema Miloud.

— Ya nne alikuja kuchukua kofia yake, nikasema.

Sasa, miaka miwili iliyopita, Tsuma alikuwa akinisubiri mlangoni hapo nimpe lifti. Nilichelewa saa nzima. Nikamkuta amesimama pale pale, hajajiegemeza, hajatoa simu, anatazama ndani. Maalem akainua uso, akamtazama miguu kwanza, kisha mikono. Akamwambia, "Wewe. Njoo." Basi kuanzia hapo kila akitoka zamu, baada ya saa kumi na mbili za kusimama langoni, anakuja kusimama tena kwa Maalem. Nilimwambia una wazimu. Akaniambia, "Kaka Dobi, kule nasimama na hakuna kinachotokea. Hapa nasimama na kitu kinatokea." Na baada ya mwaka mmoja Maalem akampa sindano, akaenda kushika nyuzi yeye. Jambo hilo hakuna mtu aliyelijua isipokuwa benchi hili, na benchi hili halina siri, kwa hiyo likamfikia Lalla Ghita.

Lalla akaja juu. Kaftani ya mji wa Fez ishonwe na mlinzi wa lango! Bibi harusi akijua, duka litafungwa. Ndipo Maalem akampa shauri: kuna kaftani ya harusi ya Jumamosi, upande mmoja nitashona mimi Tsuma akinishikia, upande wa pili atashona Tsuma nikimshikia. Ukiujua wa kwake, usitie sahihi.

— Ataujua, akasema Miloud. — Yule mwanamke baba yake alikuwa mkuu wa washonaji. Amelelewa juu ya mikasi.

— Miloud, hebu nikuulize, akasema Balozi. — Wewe unataka Tsuma ashinde au ashindwe?

Miloud akazungusha kikombe.

— Nataka ashinde. Lakini nikitaka kitu kwa sauti hakinijii, kwa hiyo nataka kimya kimya.

Nilimpenda kwa jibu hilo. Akaendelea, na hapa hakuwa anatania.

— Nyinyi mnatuonea wivu maduka. Haya. Lakini mwaka jana nililazwa na figo. Chumba kile, kitanda cha pili, kulikuwa na Mkenya mmoja, mchimba mitaro, amevunjika mguu. Jioni ya kwanza wakaja watu kumi na wawili. Jioni ya pili wakaja ishirini, wameleta chapati, wanaimba, muuguzi anawafukuza, wanaimbia kwenye ngazi. Nikamuuliza, hawa wote ni ndugu zako? Akaniambia, hapana, wengi siwajui, ni kundi. Kundi! Mimi nina binamu wanane mji huu. Alikuja shangazi. Akaniuliza, kesho utafungua?

— Pole sana, ndugu yangu, nikasema.

— Sisi tuna makundi mengi mno, akasema Balozi kwa majivuno. — Kundi la misiba, kundi la harusi, kundi la wagonjwa, kundi la watu wa kata moja. Kuna kundi la waliotolewa kwenye makundi mengine. Mimi ndiye mwenyekiti.

— Ndiyo nashangaa, akasema Miloud. — Mtu aliyeletwa na wakala, hana mtu uwanja wa ndege, na mwezi mmoja baadaye ana watu ishirini wanaomwimbia mguu. Na mimi niliyeletwa na damu yangu, nalala nahesabu taa za dari. Nieleze, Balozi, wewe mwenye mifupa.

Balozi hajawahi kusema sijui. Akarekebisha tai.

— Ni jua.

— Jua?

— Jua. Nyinyi mmetoka magharibi. Mkija huku mnalikabili jua linapochomoza, linawapiga usoni, macho yanafunguka, mnaona biashara. Lakini kila mtu anakodoa mbele, hamuonani. Sisi tumetoka kusini. Jua linatupiga shavuni. Mbele hatuoni vizuri, tunaona lango tu. Lakini ubavuni, hapo tunaonana sana! Ndiyo sababu ya makundi.

— Na tukirudi nyumbani? nikauliza.

— Linatupiga shavu la pili. Ndiyo sababu tukirudi hatutambuani na watu wetu.

Nilitaka kucheka nikashindwa, kwa sababu ya maneno yale ya mwisho. Miaka kumi na minne nina shavu langu lililopigwa jua.

Miloud akasema jua si kitu, ni sukari. Chai ya Moroko ina sukari, sukari inaamsha. Mkenya anatia maziwa, maziwa yanalaza akili, ndiyo maana wakala anampata amesinzia. Balozi akamwambia hata wakala wake mwenyewe alikunywa chai ya maziwa, tena vikombe vitatu, akawa macho kabisa wakati wa kupokea ada. Tulikuwa tumefika hapo gari la Lalla Ghita lilipoegeshwa.

Sote tukainuka. Lalla Ghita si mtu wa kumsalimu umekaa. Ni mjane, ana miaka hamsini na kitu, mfupi, viatu vyake unavisikia kabla hujamwona. Mkononi alikuwa na bahasha ya karatasi za Tsuma, na hakutuambia kama amekuja kuzitia sahihi au kuzirudisha.

— Salaam aleikum. Wapi Maalem?

— Ndani, Lalla, akasema Miloud. — Karibu kahawa.

— Kahawa baadaye. Mwite, alete na nguo. Humo ndani taa inadanganya, nataka mwanga wa Mungu.

Maalem akatoka na kaftani ameibeba kwa mikono miwili. Tsuma alimfuata nyuma, amevaa shati jeupe alilopiga pasi mwenyewe, na hakutusalimu, macho hayakubanduka kwenye nguo. Miloud akakimbia kuleta taulo safi, akaufuta ubao, akatandika. Kaftani ikalazwa juu ya benchi letu.

Jamani. Nimebeba nguo za watu wa mji huu miaka kumi na minne, za matajiri na za wasaidizi wa matajiri, sijapata kuona kitu kama kile. Rangi ya komamanga lililopasuka. Na pande zote mbili, kutoka shingoni mpaka chini, msuko wa dhahabu mwembamba ukishuka bila kukatika. Mkono wa mtu umefanya hivi! Balozi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akainama karibu zaidi.

— Hamjaniambia upi ni wa nani, akasema Lalla.

— Hatujamwambia mtu, akasema Maalem. — Tunajua mimi na yeye na Mungu.

Lalla akatugeukia sisi.

— Nyinyi mnaokaa hapa kila wiki mnaniharibia jina. Semeni. Wa Mkenya ni upi?

— Wa kushoto, akasema Miloud haraka. — Hapana, wa kulia. Lalla, mimi ni kinyozi.

— Wa kulia, akasema Balozi. — Unaona umekaa wima?

Mimi nikasema siwezi kujua, na hata ningejua nisingesema. Akaniangalia vibaya, nikatazama ndoo.

Ndipo akafanya kitu. Alivua pete, akampa Miloud amshikie. Akafumba macho. Akaweka kidole gumba cha mkono wa kulia juu ya msuko wa upande wa kulia, shingoni, akaanza kushuka nao polepole, kama mtu anayesoma. Alishuka mpaka chini bila kusimama. Akahamia upande wa kushoto. Shingoni, kifuani, akapita. Kwenye usawa wa kiuno kidole kikasimama. Kikarudi nyuma kidogo, kikasimama tena. Akashuka. Karibu na goti kikasimama mara ya pili. Magari yalipita barabarani, sikusikia hata moja.

Akafumbua macho.

— Huu, akasema, ameuwekea kiganja upande wa kushoto. — Hapa msuko umeruka, na hapa umeruka. Kwa macho hulioni kosa, lakini lipo. Huu ni wa mwanafunzi.

Nilimtazama Tsuma. Hakutikisika. Miaka saba ya lango ilimsimamisha pale, mikono ubavuni, kidevu juu.

— Mwambie, Tsuma, akasema Maalem.

— Nimwambie nini, Maalem?

— Mwambie huo ni wa nani.

Tsuma akamgeukia Lalla.

— Ni wangu, Lalla. Nisamehe. Nimekuaibisha.

Lalla akaanza kuirudisha bahasha mkobani, wala hakufanya kwa ubaya. Alionekana mtu aliyetarajia kitu kingine na hakukipata. Balozi akanishika mkono kwa nguvu. Niliwaza Jumapili, niliwaza uwanja wa ndege, niliwaza ni mimi nitakayempeleka na gari la dobi, na tutazungumza nini njiani.

— Anasema uongo, akasema Maalem.

Alisema taratibu, ungedhani anataja bei ya uzi.

— Maalem, tafadhali, akasema Tsuma.

— Nyamaza. Ghita, huo wa kushoto ni wangu. Wa kulia, uliopita nao mpaka chini bila kusimama, ndio wake. Mimi nilimshikia nyuzi. Huyu anataka kurudi Afrika na kosa langu mfukoni.

Lalla akaurudia ule wa kulia kwa kidole, safari hii macho wazi, kisha akaurudia wa kushoto. Aliporudi kumtazama Maalem, uso wake ulikuwa mwingine.

— Tangu lini, Ba Bouazza?

Sijawahi kumsikia akimwita hivyo, Ba, kama mtu anavyomwita baba yake.

— Tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Kwanza sindano ilikuwa na vivuli viwili. Sasa naishona kwa kumbukumbu. Kiunoni pale kumbukumbu ilikatika.

— Na hukuniambia!

— Ningekwambia ungenifanya nini? Ungeninunulia tikiti. Nirudi Salé kwa nani? Mke nimemzika, wanangu wawili wako Italia, nyumba ina vumbi na paka wa jirani. Miaka thelathini na minne niko hapa, Ghita. Hata ndoto naziota mtaa huu.

— Kwa hiyo ukamfundisha yeye.

— Unadhani nilimfundisha kwa huruma? Mimi si mtu mwema kiasi hicho. Nilitaka duka lisifungwe. Nilikuwa najitafutia mahali pa kubaki.

Tsuma alikuwa amegeuza uso kwenye ukuta. Nilidhani nalijua benchi letu. Miaka tunakaa tunapima Mmoroko na Mkenya, nani ameletwa na nani, nani ana duka na nani ana kundi, na ndani ya mlango huo huo watu wawili walikuwa wanafichiana aibu, kila mmoja tayari kuondoka ili mwenzake abaki. Nywele zilinisimama, nakwambia kweli, na sioni haya kuandika.

Lalla Ghita akakaa. Alikaa kwenye benchi letu, kando ya kaftani, kitu ambacho hajapata kukifanya, na ubao ukalia. Akanyoosha mkono.

— Kalamu.

Miloud alimpa penseli ya kuchora ndevu. Balozi akamsukuma kando, akatoa kalamu yake ya hoteli, akapiga goti moja chini, akageuza mgongo na tai yake yote ili karatasi ziwekwe juu yake. Lalla akatia sahihi, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mgongo wa Balozi ulikuwa unatetemeka.

— Unacheka au unalia? nikamnong'oneza.

— Ananitekenya na kalamu, akasema, lakini pua ilikuwa imeloa.

Lalla akampa Tsuma karatasi. Tsuma alizipokea kwa mikono miwili, akainama sana, akataka kusema kitu, kikatoka Kirabai kitupu ambacho hata mimi sikukielewa chote. Jina la binti yake nililisikia humo ndani.

— Usinishukuru, akasema Lalla, akivaa pete yake. — Bibi harusi anavaa kesho saa kumi. Hapa na hapa hapajanipendeza. Fumueni, mrudie. Mshahara tutazungumza nyote wawili, na msidhani nitakuwa mwepesi.

Viatu vyake vikaenda, gari likaondoka.

Miloud alitoa ndani mto anaokalia Maalem, akauweka hapo hapo nje kwenye mwanga, maana jua lilikuwa limeanza kulala na dakika zilikuwa na thamani. Maalem akafumua ule msuko wa kiuno kwa kidole tu, wala hakutazama. Tsuma akaenda kusimama mahali pake, hatua tatu mbele ya mto, akanyoosha mikono kupokea nyuzi, kama kawaida yake.

— Unakwenda wapi? akauliza Maalem.

— Kushika, Maalem.

— Na mshonaji nani? Njoo ukae.

— Siwezi kukaa wewe umesimama, mzee. Kwetu mtu hafanyi hivyo.

— Kwetu pia hafanyi. Kaa.

— Maalem...

— Miaka arobaini na sita nimekaa, Tsuma. Nyuzi hazihitaji macho, zinahitaji vidole, na vidole ninavyo. Usinisimamishe bure. Kaa, tufanye kazi.

Tsuma akakaa. Alikaa ukingoni mwa mto, nusu hewani, Maalem akamkaripia, akakaa vizuri. Nguo mapajani, sindano mkononi. Mzee akarudi nyuma, moja, mbili, tatu, akajipanga, akazivuta nyuzi mpaka zikalia. Moja, mbili, vuta. Mikono yake ilipishana, wa kulia kwenda kushoto, wa kushoto kwenda kulia, na macho yake yalikuwa yanatazama juu, kwenye nyaya za umeme, hayatazami kitu. Miguu ya mzee yule haikutikisika. Tukakaa kimya, hata Balozi, maana ukikohoa msuko unaruka.

Walikuwa wamefika katikati ya kiuno aliposimama mwanamke mmoja mbele yetu. Hatumjui, mgeni mtaani, Mmoroko kwa sauti yake, ana kitambaa cha kijani kwapani kimefungwa kwa karatasi. Alisubiri kwa adabu sindano ipite. Kisha akauliza:

— Samahanini, nimeelekezwa hapa kwa Maalem. Ni yupi?

Tsuma hakuinua kichwa. Mzee hakushusha macho kutoka kwenye nyaya. Nyuzi zilikuwa zimenyooka baina yao. Mwanamke akamtazama aliyekaa, akamtazama aliyesimama, akatugeukia sisi wa benchini, akauliza tena. Balozi akafungua mdomo, akaufunga, akanitazama mimi. Nami nikamtazama Miloud.